Wasichana Sitini na Wanne, Dakika Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua. Wasichana sitini na wanne wameingia bwenini na masanduku sitini na saba. Hayo matatu sijui ni ya nani, na kila ninayemuuliza anatazama dari.

Mwalimu Mkuu amenikabidhi kufuli jipya mbele ya mkutano wa asubuhi, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa kombe. Likizoni wezi walikata waya wa uzio wakatubebea magodoro kumi na manane na cherehani, kwa hiyo sasa hataki mchezo. Kufuli lina ukubwa wa kiatu cha mtoto. Nimelipokea kwa fahari. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikiwa mlezi wa bweni, na hajapotea msichana hata mmoja mikononi mwangu.

Afande, mlinzi wetu wa getini, alipiga saluti wakati wa makabidhiano. Mzee huyu ukimpa usingizi aulinde, anaulinda vizuri sana. Magodoro ndiyo yanamshinda.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Masanduku matatu bado hayana mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Nieleze utaratibu wangu, ili nikistaafu atakayekuja asibahatishe. Saa tatu kasoro robo usiku nasimama mlangoni na daftari. Naita jina, msichana anaitika, natia alama. Majina yakitimia sitini na manne nafunga kufuli kwa ndani na ufunguo unarudi kiunoni kwangu. Asubuhi ni vilevile: wanapanga mstari, naita, natia alama, ndipo nafungua. Hesabu kwanza, mlango baadaye. Nimeyafanya haya mara nyingi hata nadhani nikiamshwa ghafla nitaanza kuita majina.

Mlango wa nyuma uliwekewa kabati kubwa la mashuka zamani, baada ya mabinti wa enzi hizo kuutumia kwenda dukani bila ruhusa. Madirishani kuna nondo alizochomelea shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Akipita hapa huzigonga kwa kidole na kusema hata mende anapita kwa kibali.

Yupo mtoto mpya wa kidato cha kwanza, mdogo kuliko sanduku lake. Wenzake wamemwita Blanketi. Leo asubuhi kiranja amempigia kengele sikioni, naye akageukia upande wa pili na kutabasamu.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeaibika, na nitaandika yote ili nisije kujidanganya baadaye.

Saa nne asubuhi alikuja mkaguzi wa zimamoto. Nilitegemea mwanamume mwenye masharubu. Ametokea binti mwembamba, buti miguuni, saa ya kuhesabia sekunde shingoni. Afande akamuuliza amekuja kumtembelea dada yake wa kidato gani.

Akaomba jambo moja tu. Wasichana walale vitandani kama usiku, mimi nifunge kama ninavyofunga kila siku, naye atapiga kengele kutoka nje. Nikaona ni kazi ndogo. Nikafunga, nikaenda kukaa chumbani kwangu, ambako mlango unatokea bwenini.

Kengele ikalia. "Moto! Moto!"

Mtu wa kwanza kufika mlangoni nilikuwa mimi, naapa. Ufunguo ulikuwa mkononi. Wasichana wakarundikana nyuma yangu, wengine wakicheka, wengine wakilia kwa kujitia hofu. Nami nikageuka, nikanyanyua kidole, nikasema, "Mstari! Pangeni mstari!" Nikafungua daftari. Nikaita jina la kwanza.

Walipanga mstari, watoto wa watu. Waliitika. Nilikuwa nimefika jina la ishirini na tatu niliposikia dirisha likigongwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawahesabu."

"Ili iweje?"

Nikafunga daftari. Nikafungua mlango. Dakika nne na sekunde hamsini, na Blanketi bado alikuwa kitandani.

Mkaguzi hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alikaa nami kwenye ngazi akasema polepole, "Mama, moshi hausubiri mtu aitike. Mpaka jina la kumi wasingekuwepo wa kuitika."

Amemwachia Mwalimu Mkuu barua. Kabla ya tarehe kumi na tano Mei atarudi, siku asiyoitaja. Wasichana wote watoke ndani ya dakika mbili, bila ufunguo wowote. Wakishindwa, bweni linafungwa siku hiyohiyo na kila mtoto anarudi kwao. Kwao! Kwa akina Blanketi ni safari ya siku mbili. Wa kidato cha nne wana mtihani mwaka huu. Ninawajua mmoja mmoja, na ninajua kwamba wengi wao wakirudi nyumbani sasa ndiyo basi tena na shule.

Jumapili, 10 Machi

Nimepiga pasi mashuka yasiyohitaji pasi.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu Mkuu ameshika kichwa tangu asubuhi. "Nikiliondoa kufuli wezi wananimaliza. Nikiliacha zimamoto wananimaliza. Niambie, Mama Bweni, nichague kumalizwa na nani?"

Nikamwambia anipe wiki moja nimwite shemeji yangu. Akauliza kama ni yule aliyetuwekea nondo. Nikasema ndiye. Akashika kichwa tena.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji amekuja na baiskeli yake, suruali imekunjwa mpaka magotini, tope mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji," nikamwambia, "nondo zako zifunguke."

"Zifunguke? Nilizichomelea ziwe za milele!"

"Milele imekwisha Jumamosi iliyopita."

Alinuna kama robo saa. Kisha akaanza kuzunguka bweni, akipima kwa mikono, akichora kwa chaki sakafuni, na kila akichora uso wake ukawa unachanua. Huyu mtu akipewa jambo gumu husahau kwamba amekasirika. Mwisho akaniita. "Kosa letu ni kwamba tulitengeneza mlango wa kumzuia kila mtu. Mimi nitakutengenezea wa kumzuia aliye nje tu. Aliye ndani, hata awe mgonjwa, hata awe mtoto, akiuegemea unafunguka."

Nikamuuliza mbona hakufikiria hivyo miaka kumi iliyopita.

"Miaka kumi iliyopita uliniomba kitu kisichopitisha mende, shemeji. Hukuniomba kitu kinachopitisha watoto."

Ilinichoma, maana ni kweli.

Jumamosi, 16 Machi

Kazi imekwisha. Mlango mkubwa sasa una chuma kimelala upande wa ndani, usawa wa kifua cha mtoto. Unakisukuma, komeo linachomoka, mlango unafunguka kwa nje. Upande wa nje ni bati tupu, hakuna pa kushika wala pa kuingiza bisibisi. Madirisha mawili nondo zake zina bawaba, na pini iko ndani.

Tumeliondoa kabati la mashuka. Nyuma yake tumekuta vumbi la miaka, raba moja ya mguu wa kushoto, na barua ya mapenzi isiyo na jina. Nimeisoma mara mbili kabla ya kuichana. Mlango wa nyuma nao umewekewa chuma cha kusukuma, pamoja na waya unaokwenda mpaka kibandani kwa Afande, ambako kuna kengele. Ukifunguliwa tu, kengele inalia shule nzima. Hivyo moto ukitokea tunatoka wote, na msichana akitaka kutoroka anatoroka na kelele zake.

Tumejaribu wenyewe, mimi nikishika saa. Dakika tatu na sekunde ishirini. Tatizo ni viatu. Kila mmoja anachungulia uvunguni kutafuta ndala zake na hakubali za mwenziwe. Mmoja ametoka na sanduku kichwani, eti ndani mna sabuni mpya; ni moja ya yale matatu yasiyo na mwenyewe.

Nimetangaza sheria tatu. Hakuna viatu. Hakuna sanduku. Hakuna kurudi ndani kwa sababu yoyote, hata nikiwa nimebaki mimi. Tena kila mmoja ana jirani yake wa kitanda, wanatoka pamoja, na wakifika uwanja wa netiboli wanasimama wawili wawili. Hesabu inafanyika kule. Imeniuma kuitoa pale mlangoni, sikatai.

Jumanne, 19 Machi

Tangu Jumapili mlango wa nyuma umefunguliwa mara kumi na moja bila sababu. Mara ya kwanza "upepo". Mara ya pili "tulitaka kuona kama inafanya kazi". Mara ya nane hawakusumbuka hata kutafuta uongo.

Lakini nimeona jambo. Mara zote kumi na moja Afande alikuja mbio, na goti lake lile bovu, rungu mkononi, kofia imekaa upande. Hakulalamika hata mara moja. Leo nilimpelekea chai kibandani nikamkuta anashona kofia yake. Nikauliza kwa nini hawapigii wasichana kelele. Akasema, "Siku nitakayoamua kwamba ni utani, Mama, ndiyo siku haitakuwa utani." Miaka yote hii nilikuwa namwona mlinzi wa usingizi.

Jioni niliwapa wasichana vidonge vyao. Nikawaambia kuhusu goti. Kengele haijalia tena.

Jumanne, 26 Machi

Zoezi katikati ya mvua. Dakika mbili na sekunde arobaini. Waliganda mlangoni kama paka. "Mama, nimesuka jana tu!" akalia mmoja. Nikamwambia asijali, moto utamnyoa bure.

Jumatano, 27 Machi

Mafua. Mimi na thelathini wengine.

Jumamosi, 6 Aprili

Mkutano wa wazazi, humuhumu bwenini. Nilijua patachimbika, na pakachimbika.

Mwalimu Mkuu alipomaliza kueleza, alisimama mama mmoja mwenye koti la mvua la njano. Binti yake yuko kidato cha pili. "Mimi nilimleta mwanangu hapa kwa ajili ya kufuli," akasema. "Niliuliza shule nne, nikachagua hii kwa sababu mlezi wake anafunga. Leo mnaniambia anaweza kutoka muda autakao?" Wakampigia makofi. Mwalimu Mkuu akatoa leso. Nikaona hapo bweni linafungwa na wazazi kabla mkaguzi hajarudi.

Nikasimama.

"Mama mwenzangu," nikasema, "ni mimi huyo anayefunga. Nimefunga miaka kumi na tisa na nilijisifu kwa hilo. Mwezi uliopita walitupima. Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi, nikawapanga watoto wenu mstari, nikawaita majina, huku kengele ya moto inalia. Wangekufa wakiniitikia 'nipo'. Nimefikiri sana tangu siku ile. Nikagundua kwamba kufuli halikuwa kwa ajili yao. Lilikuwa kwa ajili yangu, ili mimi nilale. Sasa naomba nikeshe kidogo, wao wawe salama."

Yule mama akanitazama sana. Kisha akasema, "Na mwizi?"

"Mwizi muulize shemeji yangu."

Shemeji alikuwa anangojea hilo tangu azaliwe. Akawatoa wazazi wote nje, akaubana mlango, akawaita akina baba sita wenye misuli. "Fungueni." Wakajaribu. Wakaparura bati, wakabana kucha kwenye ufa, mmoja akapiga bega, wa pili akavua shati kabisa. Mlango haukutikisika. Shemeji amekunja mikono kifuani, amefumba macho kama anasikiliza muziki.

Hapo hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto wa yule mama, wa miaka mitano, alikuwa amebaki ndani na dada yake. Akachoka kungoja. Akauegemea mlango.

Mlango ukafunguka kwa nje, ukawachota akina baba sita kwa pamoja mpaka kwenye tope. Mtoto akasimama pale kizingitini, akawatazama, akauliza, "Mama, kwa nini wamelala?"

Yule mama wa koti la njano alicheka mpaka akashikilia ukuta. Kura ilipopigwa, mkono wake ulikuwa wa kwanza juu.

Alhamisi, 11 Aprili

Dakika mbili na sekunde kumi na tano. Sasa kikwazo ni Blanketi. Kengele haisikii. Jirani yake amejaribu kumtikisa, kumfunua, kumwimbia. Leo kwa bahati amemvuta kidole gumba cha mguu, na mtoto akasimama wima akauliza ni kipindi gani. Tumepata dawa.

Jumamosi, 20 Aprili

Dakika mbili na sekunde sita. Sekunde sita tu! Nimeota namba usiku kucha.

Jumatano, 1 Mei

Siku mbaya. Mvua haijakatika siku tano. Tumeanza zoezi la asubuhi, kiranja akasukuma chuma, komeo likachomoka kama kawaida, na mlango ukabaki palepale. Wakausukuma wawili, watano, kumi. Mbao zilikuwa zimevimba kwa maji, zimeng'ang'ania fremu. Watoto wakaanza kupiga mayowe ya kweli, si ya zoezi. Niliwaelekeza mlango wa nyuma na wakatoka, lakini nyuso zao nilizoziona zimenikosesha chakula.

Mwalimu Mkuu akaja. Akasema kwa upole kwamba mpaka utengenezwe, mlango mkubwa uachwe ulivyo, na ule wa nyuma, ambao sasa ndio utakaotumika, tuutie kufuli usiku, kwa siku chache tu, maana wezi nao hawajafa.

"Hapana, Mwalimu," nikasema.

Miaka kumi na tisa sijawahi kumwambia hapana. Sote wawili tulishtuka. Akakohoa, akatazama ukuta, akaniuliza basi nataka nini. Nikasema nataka randa, rangi ya mafuta na shemeji yangu. Akavua koti lake, akapanda baiskeli ya mpishi akamfuata mwenyewe kwenye mvua ile, kitambi na yote. Sikujua kama anaweza kuendesha baiskeli. Sikujua pia kama anatujali kiasi hicho.

Kwa muda wa saa tatu Shemeji aliranda kingo, Mwalimu Mkuu akashika mlango, Afande akashika mwavuli. Tumepaka rangi kila upande. Jioni Blanketi aliufungua kwa kidole kimoja.

Jumamosi, 4 Mei

Dakika moja na sekunde hamsini na nane. Wamecheza ngoma kwenye tope, nami nilikuwemo.

Jumatano, 8 Mei

Mkaguzi hajaja. Kila pikipiki ikipita roho inaruka.

Ijumaa, 10 Mei

Hajaja. Kamba ya kiatu changu imekatika.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya chakula cha mchana wasichana wamelala, kama kila Jumapili. Nikamwachia kiranja bweni nikateremka kwa fundi viatu pale njia panda. Nimekaa kwenye benchi lake mguu mmoja mtupu, mvua ikaanza. Ndipo nikaisikia.

Haikuwa kengele ya vipindi. Ilikuwa ile ya mlango wa nyuma, na haikunyamaza. Leo hatukupanga zoezi. Fundi alikuwa ameinua sindano na anaongea nami, sikumbuki alisema nini. Nilikimbia.

Nimekimbia na kiatu kimoja, kisha bila hata hicho. Mlima ule huwa naupanda kwa kupumzika mara mbili, leo sijui niliupandaje. Kibanda cha Afande kilikuwa kitupu, kengele inarukaruka kwenye waya wake. Mvua ilikuwa nzito, uwanja hauonekani. Mlango mkubwa ulikuwa wazi kabisa. Sikusimama. Niliingia.

Niliita, nikapapasa kitanda cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Nikaenda kwa mstari, kitanda baada ya kitanda, nikifunua mashuka, mkono wangu ukikuta joto tu lililoachwa. Kwa Blanketi nilifunua lile blanketi lake mara mbili, nikainama mpaka uvunguni. Hakuna mtu. Vitanda sitini na vinne, na hakuna mtu hata mmoja. Nikasimama katikati ya bweni, naona kabisa kwamba sijawahi kuona kitu kizuri kama vitanda vile vitupu.

Ndipo zikapenya sauti kutoka nje, zote kwa pamoja, kali kuliko mvua.

"Mama Bweniii! Toka! Hakuna kurudi ndani!"

Nikatoka. Walikuwa uwanjani, wawili wawili, pekupeku, hakuna sanduku hata moja, nywele zimelowa na hakuna anayejali. Blanketi ameshikana mkono na jirani yake, hana hata dalili ya usingizi. Afande amesimama mbele yao na mwavuli, amemkinga mkaguzi wa zimamoto anayeandika.

"Dakika moja na sekunde arobaini na mbili," akasema mkaguzi. "Nilingoja mpaka nikaona umetoka getini, ndipo nikavuta waya wa kengele. Samahani, Mama. Siku ya moto huenda usiwepo."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Niliketi palepale kwenye tope nikalia, na wasichana wakaanza kushangilia, na Mwalimu Mkuu akatokea ofisini akikimbia na soksi, anauliza kumetokea nini.

Mkaguzi akasubiri watulie, akasoma alichoandika. "Wasichana sitini na wanne: wamefaulu. Bweni liendelee." Kelele. Akanyanyua mkono. "Mlezi wa bweni: ameingia ndani ya jengo wakati wa hatari, kinyume na sheria aliyoitunga mwenyewe. Amefeli. Arudie."

Walivunjika mbavu. Afande alicheka mpaka mwavuli ukageuka ndani nje.

"Nirudie lini?" nikauliza.

"Sasa hivi!" wakajibu wao, hawakumpa hata mkaguzi nafasi.

Wakanipa kitanda cha katikati, kati ya kiranja na Blanketi, wakanifunika mpaka kidevuni. Tukalala kimya, tumelowa chapachapa, tunasikiliza mvua. Kengele ilipolia kuna mkono mdogo ulinishika, ukanivuta, na mlango ukafunguka mbele yetu. Nilitoka mikono mitupu, nikicheka kama mwehu, katikati ya watoto ambao sikuwa nimemhesabu hata mmoja, na sikugeuka nyuma.